Adui wangu ana hotuba, wachezaji wanairuka

SWALI: Shikamoo dada. Mimi na wenzangu tunatengeneza gemu la simu kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria. Adui ni Tajiri Kulwa, mwenye mitumbwi ya injini. Anachoma mitumbwi ya wavuvi wadogo ili wote wamfanyie kazi yeye. Kabla ya pambano la mwisho nimempa hotuba: pacha wake Doto alizama kwenye mtumbwi uliovuja, ndiyo maana anaichoma. Mimi nikiisoma machozi yananilenga. Watoto wa jirani niliowapa wajaribu wanabonyeza kitufe cha kuruka. Niifupishe? — K., Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hata ukiipunguza ibaki sentensi moja, wataruka. Mtu amekuwa akimchukia huyo tajiri tangu mwanzo, sasa kamfikia, anataka kupiga. Habari za msiba atazisikiliza saa ngapi?

Mtazame Baldur, adui katika gemu la God of War la mwaka 2018. Anagonga mlango wa Kratos (ndiye wewe mchezaji), kimtu chembamba chenye kejeli. Unampiga shoka, unamtwanga kwenye miamba, anainuka. Anakwambia mwili wake hauhisi chochote, nawe unadhani ni majigambo. Baadaye sana ndipo unajua kwamba mama yake, Freya, alitabiriwa kuwa mwanawe atakufa kifo cha bure, akamkinga kwa uchawi asidhurike. Kinga hiyo ikamnyima na ladha, na joto, na mguso wa binadamu mwenzake. Na Freya huyo ni rafiki yako, ameshakusaidia kumponya mwanao Atreus! Mikono yako ilikuwa na ushahidi tangu pambano la kwanza. Kilichokosekana ni sababu tu. Uchawi unapovunjika, kichwa cha mshale kwenye mkanda wa podo la Atreus kikimchoma mkono, Baldur anayafurahia maumivu. Kisha anamkaba mama yake vilevile. Hapo ndipo nilipowavulia kofia waandishi wake: wamekufanya umwonee huruma bila kumtakasa.

The Witcher 3 nayo, ya Wapolandi, ina yule Baroni mlevi anayetafuta mkewe na bintiye. Unapekua nyumba na kukuta alama za ugomvi kabla hajakiri kwamba alikuwa akimpiga mkewe. Angeanza yeye kulia, ungemwamini.

Sasa Kulwa. Umemwita Kulwa, basi Mwanza nzima itauliza Doto yuko wapi, waache waulize. Mwanzoni kabisa, mchezaji akiwa hana kitu, Kulwa mwenyewe ampe jaketi la kujiokolea, bure, bila maelezo. Dhoruba ije, jaketi limwokoe kweli. Baadaye aone mtumbwi wa mjane ukiteketea mwaloni, mzima, hauvuji hata tone. Huo ndio uovu wake: alianza na mibovu, sasa hachagui, maana kila mtumbwi unaochomwa unamwongezea vibarua. Jina la Doto liandike ubavuni mwa mtumbwi mmoja chakavu ambao Kulwa ameuweka nyuma ya nyumba na hakuuchoma. Asiyeuona, shauri yake.

Hotuba ifute. Badala yake, fanya watu wa Kulwa wasimshambulie yeyote aliyevaa jaketi lake. Akitaka kupigana na tajiri, mchezaji alivue kwanza, huko huko katikati ya ziwa.