Fremu ya fiksi kwa bei nafuu: maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu baiskeli ya fiksi, yaani baiskeli ya gia moja isiyo na friwili, ambayo pedeli zake huzunguka muda wote gurudumu la nyuma linapozunguka. Karibu kila mwandishi ameuliza kuhusu rangi au jina la kampuni. Mimi ningependa tuanzie nyuma ya fremu, pale ekseli inapokaa, kwa sababu hapo ndipo fedha zenu zinapookolewa au kupotea.

Nitaitambuaje fremu ya velodromu (ile ya fiksi za uwanja wa mbio za baiskeli) nikiikuta katikati ya fremu nyingine za mtumba? (Sakina, Arusha)

Tazama midomo ya nyuma, yaani ile mipasuo miwili inayopokea ekseli. Katika fremu ya velodromu midomo hiyo imelala na imefunguka kuelekea nyuma, ili gurudumu livutwe nyuma kidogo kidogo mpaka cheni ikaze, kisha nati zifungwe. Halafu pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya midomo hiyo kwa ndani: fremu ya velodromu huwa na milimita 120, wakati fremu za barabarani za siku za karibuni zenye breki za rimu zina 130, na nyingi za milimani zina 135. Utaona pia kwamba haina vishikizo vya waya wa gia, na kwamba nyumba ya kranki (mikono inayoshika pedeli) imeinuliwa juu zaidi, kwa kuwa kwenye velodromu ya mita 250, ambayo kona zake huinama kwa zaidi ya nyuzi 40, pedeli isiyoweza kusimamishwa ingegonga sakafu.

Hata hivyo, sikushauri ung'ang'anie fremu halisi ya velodromu. Nyingi hazipitishi tairi pana kuliko milimita 25, na barabara za ndani za Sakina zina moramu na mawe. Tafuta fremu yenye mtindo huo iliyotengenezwa kwa ajili ya mitaani, inayopitisha tairi ya milimita 28 au, bora zaidi, 32.

Shikamoo. Nimepata fremu ya chuma ya baiskeli ya zamani ya mashindano, iliyokuwa na gia 12. Inafaa kwa fiksi, au nisubiri? (Majengo, Moshi)

Marahaba. Usisubiri, mradi midomo ya fremu hiyo imelala. Fremu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina midomo inayofunguka kuelekea mbele, nayo humruhusu fundi kusogeza gurudumu kiasi cha kutosha kukaza cheni. Lakini kama midomo imesimama wima, ekseli ikiingia kutoka chini na kukosa pa kusogea, iache hata ukipewa bure. Kikaza cheni chenye springi hakifai kwenye fiksi: unaposukuma pedeli kinyume ili kupunguza mwendo, upande wa chini wa cheni ndio unaovutwa, na kikaza hicho hukunjika au kuvunjika.

Gia 12 maana yake ni sproketi (magurudumu yenye meno) mbili mbele na sita nyuma, hivyo nafasi ya nyuma pengine ni milimita 126. Habu (kitovu cha gurudumu) ya fiksi ya milimita 120 itakaa vizuri ikiongezewa washa, yaani pete bapa za chuma, zenye unene wa milimita 3 kila upande, mradi ekseli ni ndefu kiasi cha nati kushika thredi zake zote. Gurudumu likishaingia, simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, uitazame cheni. Sproketi ya mbele na ya nyuma zinapaswa kukaa kwenye mstari mmoja, ambao kwa baiskeli nyingi za fiksi upo takriban milimita 42 kutoka katikati ya fremu. Cheni iliyopinda hulia, hula meno haraka, na inaweza kuruka.

Kabla ya kulipa, ikague. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa nyuma, uzungushe mbele ya bomba la shingo, uurudishe hadi mdomo wa pili, kisha pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 au 3 inaonyesha kwamba fremu imepinda. Baada ya hapo pitisha ukucha upande wa chini wa bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Nilifanya hivyo majuzi kwa fremu moja ya bluu iliyong'arishwa vizuri sana, na ukucha ukakwama kwenye mkunjo mwembamba kama ukingo wa karatasi, uliofunikwa na rangi mpya. Baiskeli ile iliwahi kugonga kitu kwa mbele, ikapakwa rangi, ikaletwa sokoni. Jaribu pia kuchomoa nguzo ya kiti, kwa maana nguzo ya alumini iliyogandamana na bomba la chuma inaweza kukugharimu siku nzima ya fundi.

Kwa fedha kidogo, nichukue alumini au chuma? (Njiro, Arusha)

Chuma, bila kusita. Fremu ya chuma iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa na fundi mwenye subira, na iliyopasuka kwenye mshono inaweza kuchomelewa. Alumini haitaki kunyooshwa, na kuichomelea kunahitaji mtambo na ujuzi ambao mafundi wengi wa mtaani hawana. Isitoshe, joto la kuchomelea huiondolea ugumu wake mpaka ifanyiwe matibabu mengine ya joto. Anayedhani kwamba chuma ni cha watu wasio na uwezo akumbuke kwamba waendeshaji wengi wa kulipwa wa keirin nchini Japani, mchezo wa mbio za baiskeli za velodromu ulioanza mwaka 1948 huko Kokura, wameendelea kushindana kwa fremu za chuma.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hili: usimalizie fedha kwenye fremu. Gurudumu la nyuma lenye habu halisi ya fiksi linaweza kuzidi bei ya fremu ya mtumba. Kijana mmoja ninayemfahamu alinunua fremu nzuri ya alumini kwa akiba yake yote, nayo ilining'inia ukutani miezi mitano ikisubiri magurudumu. Iliniuma kuiona pale.

Je, fremu ya Phoenix haiwezi kutumika? (Pasua, Moshi)

Inaweza, na wala si wazo baya kwa anayeanza, kwa kuwa midomo yake ya nyuma imelala na imefunguka kuelekea nyuma, na imezoea gia moja. Jua tu kwamba ni nzito, shingo yake imelala sana, hivyo itageuka polepole, na rimu zake za inchi 28 zina kipenyo cha milimita 635 pale tairi inapokaa, si 622 kama za baiskeli za mashindano. Ukiweka rimu za 622, ukingo wake utasogea karibu zaidi na ekseli kwa milimita 6.5, na vipira vya breki za vyuma havitakaa tena mahali pake.

Kosa kubwa ni lile la kuichomelea friwili ili isizunguke. Habu ya kawaida haina thredi ya pili ya kinyume kwa ajili ya ringi ya kufungia, na ukisukuma pedeli kurudi nyuma, sproketi inaweza kufunguka wakati huohuo unapoitegemea ikusimamishe. Nunua habu yenye thredi zote mbili.

Rafiki yangu anasema fiksi haihitaji breki, na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) niliyopata haina tundu la breki. (Kibosho)

Rafiki yako hajashuka na cheni iliyokatika. Kutoka Kibosho hadi Moshi mjini ni mteremko, kuna watoto wa shule, kuna bodaboda zinazotoka uchochoroni, na miguu peke yake hufanya kazi kupitia gurudumu la nyuma tu. Unapopunguza mwendo uzito huhamia mbele; la nyuma hubaki jepesi na kuteleza, na la mbele ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Nakuomba sana uweke breki ya mbele.

Usiitoboe foki hiyo. Foki za velodromu hazikuimarishwa mahali hapo, na ya kaboni isiguswe kabisa na drili. Tafuta foki ya barabarani yenye tundu, ukipima kwanza bomba lake la juu: fremu za zamani nyingi huchukua la inchi 1, na za karibuni inchi 1 na 1/8.

Mimi ni mfupi. Nichague saizi gani? (Tengeru)

Panda juu ya bomba la juu ukiwa umekanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Ibaki nafasi ya sentimita 2 au 3. Kisha, ukiwa kwenye kiti, geuza usukani uone kama kidole cha mguu kinagusa tairi ya mbele. Kwenye fremu ndogo hutokea mara nyingi, na kwenye fiksi huwezi kuusimamisha mguu ili kulikwepa tairi. Kranki fupi za milimita 165 zitakusaidia hapo na kwenye kona pia.

Meno mangapi mbele na nyuma? (Usa River)

Kwa milima yetu, anza na 42 mbele na 18 nyuma. Kwa tairi yenye mzunguko wa mita 2.1, kila duara la pedeli litakupeleka karibu mita 4.9, na kwa kilomita 30 kwa saa miguu itazunguka takriban mara 102 kwa dakika. Ukitumia 46 kwa 16 utapata mita 6, jambo zuri kwenye tambarare ya kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, lakini ukipandisha kwenda hospitali ya KCMC utasimama juu ya pedeli njia nzima. Sproketi ya nyuma hubadilishwa kwa dakika chache, kwa hiyo nunua ya 18 kwanza, na ya 16 ije miguu ikishazoea.