"Petticoat" si gagulo kila mara
Dada, huyo mwanamke wa kwenye hadithi yako hakutoka na nguo za ndani. Umeuliza inakuwaje mama wa Kiingereza wa karne ya 18 aende sokoni na "petticoat" nyekundu mbele za watu, maana kamusi imekupa gagulo. Kamusi haijakosea, ila neno limehama.

Asili yake ni "koti dogo". Katika karne ya 15 lilikuwa vazi fupi la wanaume, la kuvaliwa chini ya koti la juu. Baadaye likaenda kwa wanawake, na kufikia karne ya 18 lilikuwa sketi kamili, ya kuonekana. Magauni mengi ya wakati ule yaliachwa wazi kwa mbele kuanzia kiunoni, na petticoat ndiyo iliyojaza ule uwazi: hariri kwa wenye nacho, sufu kwa wengine. Ilifungwa kiunoni kwa vikamba na kuachwa mipasuo pembeni, mkono upenye hadi kwenye kifuko cha kitambaa kilichofungwa ndani. Hapo ndipo pesa na funguo zilipokaa. Napenda sana ufundi huo.

Karne ya 19 ndipo ilipozama chini ya gauni, ikawa gagulo tunalolijua. (Shimizi ni nyingine, hiyo huanzia mabegani.)

Kwa hiyo hapo andika tu "sketi nyekundu". Na ukikutana na "petticoat government", usitafute nguo: ni kejeli ya wanaume waliochukia kutawaliwa na wanawake.