Barabara ya mwendokasi inajengwa, mabasi je?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Tuliwaona wenzetu wa Mbagala wakikaa na barabara ya mwendokasi, yaani njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka, iliyokwisha kujengwa huku wakiendelea kubanana kwenye daladala, mpaka mabasi yalipoanza kazi mwaka 2025. Je, na sisi tutarajie hayohayo?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, na chanzo chake ni namna mradi huu ulivyopangwa tangu mwanzo. Barabara na vituo hujengwa na Serikali kwa mikopo, ambapo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikopesha kwa ajili ya Mbagala na Benki ya Dunia inakopesha kwa ajili ya njia yenu, na kila mkopo huja na mkandarasi, mhandisi msimamizi na tarehe ya kukabidhi kazi. Mabasi, kwa upande mwingine, yanatarajiwa kuletwa na mwekezaji binafsi, ambaye hawezi kuagiza chombo hata kimoja kabla hajajua nauli itakuwa kiasi gani, nani atakusanya fedha za tiketi na hasara itabebwa na nani. Mazungumzo hayo yakianza zege likiwa limekwisha kukauka, abiria ndiye anayelipa gharama ya kusubiri.

Awamu ya kwanza, ya Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza Mei 2016 kama huduma ya mpito, ikiwa na mabasi 140 wakati mpango ulihitaji 305. Ilileta nafuu kubwa, na Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Hata hivyo, upungufu ule wa mabasi haukuzibwa mapema, na wakazi wa Kimara wanaujua vizuri kila asubuhi. Mbagala, yenye kilomita 20.3, ujenzi wake ulianza mwaka 2019. Hesabu ya miaka sita hadi basi la kwanza kubeba abiria ni ndefu mno kwa mji unaokua kwa kasi hii.

Kwa maoni yangu, mkataba wa mtoa huduma ungepaswa kusainiwa barabara ikiwa bado inajengwa. Hivyo basi, diwani au mbunge wenu akiitisha mkutano, msimuulize ujenzi umefikia asilimia ngapi. Muulizeni mabasi mangapi yameagizwa, karakana itakamilika lini, na ni mabasi gani yatakayowaleta abiria wa Pugu na Chanika hadi kituo kikuu, kwa kuwa mtu anayelazimika kulipa nauli mbili kamili ataona afadhali abaki na daladala yake.

SWALI: Kwa nini mvua ikinyesha sana huduma ya Kimara husimama?

JIBU: Njia hiyo huvuka bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, na karakana nayo ilijengwa bondeni humo, kiasi kwamba mafuriko yamewahi kuharibu mabasi yakiwa yameegeshwa. Dawa iliyochaguliwa ni daraja jipya lililoinuliwa pamoja na kuliendeleza bonde lenyewe, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.