Mke hakutoka damu usiku wa harusi, je nina haki ya kumuacha?

SWALI: Asalam aleikum shekhe. Nimeoa mwezi uliopita, nipo Tanga. Usiku wa kwanza mke wangu hakutoka damu. Asubuhi mama na shangazi wakaja kuchukua shuka, mama akaikunjua akaigeuza huku na huku, hakusema neno, na tangu siku hiyo hali chakula alichopika mke wangu. Ustadh mmoja mtaani kaniambia damu ndo shahidi, bila damu hakuna bikira, nimuache na nidai mahari yangu. Mke analia, anaapa hajawahi kuguswa. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salam warahmatullah. Ndugu yangu, swali lako limeninyima raha, zaidi kwa huyo binti wa watu anayelia ndani kwako. Nakwambia kabisa mapema, huna haki ya kumtuhumu kwa sababu ya shuka, mahari ni yake yote, na huyo ustadh kakosea kwenye fiqhi, yaani sheria ya dini, na kwenye maumbile pia.

Tuanze na maumbile maana hapo ndo watu wanapopotea. Wanadhani kizinda ni kama kizibo cha soda, ukikuta hakijakaza basi kuna mtu kashafungua. Sasa kama kingekuwa kimeziba vyote, hedhi ya mwanamwali ingepita wapi? Kizinda ni ukunjo wa ngozi laini unaozunguka mlango wa uke na katikati uko wazi. Mtoto akiwa bado tumboni kinaanza kama utando uliofunga, halafu kwa kawaida kinatoboka chenyewe kabla hajazaliwa. Kuna wachache hakitoboki, huyo akifika umri wa kuvunja ungo haoni siku zake, tumbo linamuuma kila mwezi na damu inajikusanya ndani mpaka daktari akipasue. Wengine ni duara, wengine kama mwezi mwandamo, wengine kina vitundu vitundu, na wapo wanaozaliwa nacho kidogo mno. Akibalehe homoni ya estrojeni inakifanya kiwe kinene na kinavutika, na mishipa ya damu humo sio mingi, ndo maana wanawake wengi usiku wa kwanza kinatanuka tu bila kuchanika. Na hiyo damu inayopigiwa vigelegele mara nyingi ni michubuko, bibi harusi kaogopa, mkavu, na bwana harusi ana haraka zake!

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema wazi kupima bikira hakuna msingi wowote wa kitabibu. Najua ustadh atasema hayo ni ya wazungu. Haya, achana nayo, tumfungulie Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa kwenye vyuo vyetu pwani hii yote. Kwenye mlango wa nikahi anasema kizinda kikiondoka bila kuingiliwa, mfano kwa kuanguka, hakibadilishi kitu kwa kauli iliyo sahihi zaidi, yaani mwanamke anabaki na hukumu ya bikira. Imam kafariki mwaka 676 hijria, hakukuwa na darubini wala ultrasaundi, na kaliona hili. Sasa huyu mwenzetu kaitoa wapi hiyo damu ndo shahidi? Shahidi gani ananunuliwa sokoni, maana wote tunajua habari za damu ya kuku kwenye kisarawanda, ile shuka ya usiku wa harusi.

Kumsingizia zinaa mwanamke aliyejihifadhi bila mashahidi wanne ni viboko 80 na ushahidi wako haukubaliwi tena, Suratun Nur aya ya 4, hiyo ni kwa aliyesema wazi, na huyo ustadh kakaribia sana. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) mkewe kazaa mtoto mweusi, anamshuku. Mtume akamuuliza habari za ngamia zake, wanatokaje wa kijivu kati ya wekundu? Akasema labda ni asili imevuta. Akaambiwa na huyu labda asili imemvuta. Hakufunguliwa njia ya kumkana mtoto kwa dhana tu.

Mahari usiiguse, mmeshaingiliana, soma Suratun Nisaa aya ya 20 na 21. Talaka iko mkononi mwako ndio, lakini kumuacha kwa sababu hii ni kumtangaza mji mzima kwa jambo hata wewe hulijui.

Na hili la shuka nalo niliseme wazi hata wazee wakinuna. Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Muslim kamtaja mtu anayelala na mkewe kisha akatoa siri yake kuwa ni katika waovu wa watu siku ya kiyama, na shuka inayokunjuliwa mbele ya shangazi ni nini kama sio siri hiyo? Mila hii tuizike.

Leo leo muombe radhi mkeo, na usimuulize tena. Kama anaumia mkikutana mpeleke kwa daktari wa kike, pengine ni hofu tu, mpe muda. Mama yako nenda peke yako, kaa chini, ongea nae kwa adabu, mwambie mama mimi ndo mume na mimi nimeridhika, sina tuhuma yoyote na mke wangu. Akikataa usimjibu vibaya, ila chakula cha mkeo wewe ukile mbele yake. Na akikuita tena huyo ustadh, mwambie alete Minhaj tusome pamoja.

Wallahu aalam.