DSLR au kamera ya mfukoni: Kilimanjaro kisha Tarangire

Dada, kwa kupanda mlima beba ya mfukoni. DSLR, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, hufika kilo moja na nusu pamoja na lenzi yake, na usiku wa kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, hutaitoa kwenye begi. Baridi humaliza betri haraka: weka mbili za akiba mfuko wa ndani wa koti. Kamera ikizima, pasha betri joto mwilini, mara nyingi huamka.

Hifadhi ya wanyama ya Tarangire ni habari nyingine. Gari haliachi njia, hivyo chui wa mbali anataka lenzi ya milimita 300 au zaidi. Ukipata DSLR ya kukodi Arusha, kwanza piga picha ya anga tupu kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Madoa ya sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, yatajionyesha. Na usibadilishe lenzi garini, vumbi la kule halina huruma.