Chenwili ya yai kwa anayepanda Kiboswa

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Kakamega, raha ya tambarare inaishia Mamboleo. Kutoka hapo hadi Kiboswa ni kupanda tu, na miguu ikianza kuzunguka polepole ndipo unagundua kwamba pedali haina uzito mmoja mzunguko mzima. Ikishuka upande wa mbele, paja lina nguvu zote. Ikifika juu kabisa au chini kabisa, nguvu inakatika na baiskeli inataka kusimama.

Chenwili ni lile gurudumu la meno lililo kwenye pedali, linalovuta mnyororo. Ya umbo la yai imetengenezwa kwa ajili ya tofauti hiyo. Upande mpana hushika mnyororo mguu ukiwa na nguvu, na upande mwembamba huja mguu unapoishiwa. Yenye meno 32, kwa mfano, huwa karibu na 34 unapokanyaga na karibu na 30 unapovuka pale juu. Mlimani naiamini kabisa, na magoti yangu hayalalamiki jioni kama zamani. Kwenye tambarare ya Ahero sioni tofauti. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mara 4 akiwa na chenwili za namna hii, lakini usiinunue kwa kutafuta kasi. Tafiti kuhusu hilo bado zinapingana.

Kazi yote iko kwenye kuifunga. Nyingi zina alama inayopaswa kukaa nyuma ya mkono wa pedali. Hata hivyo, hakikisha mwenyewe kabla hujaondoka kwa fundi: elekeza mkono wa pedali ya kulia mbele, uteremke kidogo chini ya usawa. Hapo urefu wa yai uwe umesimama wima. Yai likiwa limelala, limefungwa kinyume, na kila mlima utakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa na chenwili ya duara. Kuwa macho pia na baiskeli za mtumba zenye Biopace, chenwili za Shimano za miaka ya 1980. Nazo si duara, ila wembamba wake huja pale mguu unapokanyaga kwa nguvu. Hiyo siyo ninayoisifu hapa.

Siku za mwanzo utahisi pedali kama inaruka. Vumilia, mguu utazoea.

Kama baiskeli yako ina chenwili mbili au tatu mbele, kile kifaa cha kuhamisha mnyororo lazima kipandishwe mpaka kipishe ncha ya juu ya yai, na gea hazitabadilika kwa ulaini uliouzoea. Ndiyo maana napendekeza uanze na baiskeli ya chenwili moja mbele na gea nyingi nyuma. Mwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya gea moja, aiache tu chenwili hii: baiskeli yake haina kifaa cha kukaza mnyororo, kwa hiyo mnyororo utakuwa ukikaza na kulegea kidogo katika kila mzunguko. Kwake shilingi hizo zifae tairi nzuri na breki zinazoshika, maana kutoka Kiboswa kuna kuteremka pia.