Vitenzi vya Kugawa kwa Kiingereza: Maswali Yenu

Niliandika "distribute the students the books", mhariri akaikata. Mbona "give the students the books" inakubalika?

Mhariri yuko sahihi, na kosa hilo ni letu sote tunaofikiri kwa Kiswahili kabla ya kuandika Kiingereza. Tunaposema "wagawie wanafunzi vitabu", ile "i" iliyo ndani ya kitenzi imeshambeba mpokeaji, basi tunatarajia Kiingereza nacho kimbebe. "Give" na "hand" humbeba. "Distribute" hakimbebi kamwe. Anza na kitu, weka "to" au "among", ndipo umtaje mtu: "distribute the books to the students". "Donate" na "dispense" navyo hufuata njia hiyo hiyo.

"Allot", "allocate" na "assign" vina uhuru zaidi. Unaweza kusema "allocate two rooms to the guests", au "allocate the guests two rooms", na zote mbili ni sawa. Tofauti huonekana vizuri zaidi kwenye kauli ya kutendwa. "The guests were allocated two rooms": wageni wametengewa vyumba viwili, hakuna tatizo. Sasa andika "the students were distributed" uone. Hapo waliogawanywa ni wanafunzi wenyewe, kama vile "the students were distributed among three classrooms". Vitabu havimo kabisa! Ukikwama, jaribu sentensi yako kwa kauli ya kutendwa. Itakuonyesha mara moja nani anapokea na nini kinagawiwa.

Natafsiri habari za bajeti. Je, "allocate" na "distribute" ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa naomba watafsiri wawe waangalifu sana. "Allocate" ni kutenga: uamuzi umefanyika, fungu limeandikwa jina la kazi fulani. "Distribute" ni kuzifikisha kwa wanaohusika. Fedha zinaweza kuwa "allocated" mwaka mzima na asiwepo hata mmoja aliyezitia mkononi. Ukitafsiri "funds have been allocated" kuwa "fedha zimegawiwa", umemwambia msomaji kwamba watu wameshapokea, kumbe bado. Andika "zimetengwa". Hilo si jambo dogo, kwa sababu msomaji hulitegemea neno hilo anapotaka kujua adai nini na kwa nani.

Jirani yake ni "earmark", yaani kutenga kwa kazi moja mahususi. Asili yake ni alama iliyokatwa kwenye sikio la mfugo ili mwenyewe ajulikane. Picha hiyo inasaidia kukumbuka maana: kitu kimeshatiwa alama, kisiguswe kwa shughuli nyingine.

Na "reallocate" na "redistribute"?

"Reallocate" ni kuhamisha fungu kutoka matumizi haya kwenda yale: fedha zilizotengewa barabara zikapelekwa hospitali. "Redistribute" huhusu zaidi nani anamiliki nini, ndiyo maana utakikuta pamoja na neno "wealth" au "land": walio navyo vingi wapunguziwe, wasio navyo waongezewe, kwa kodi au kwa sheria.

Kuna na "reapportion", ambacho wengi hawakijui. "Apportion" ni kugawa kwa uwiano, kila mmoja apate kadiri ya kipimo kilichokubaliwa. Marekani, viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa upya kati ya majimbo kulingana na idadi ya watu, baada ya sensa inayofanyika kila miaka 10. Kitenzi cha kazi hiyo ni hicho. Hutumika pia kwa lawama: "apportion blame" ni kupima kila mtu abebe kiasi gani cha kosa.

Nilifundishwa kwamba "between" ni kwa watu wawili tu, watatu ni "among". Ni lazima?

Si lazima. "Between" kimetumika kwa zaidi ya wawili tangu Kiingereza cha kale. Ukiwataja mmoja mmoja, andika "between" bila wasiwasi: "divide it between the nurse, the cook and the driver". Kundi lisilotajwa majina, "among".

"Ration", "dole out" na "mete out" hutofautianaje?

"Ration" ni kugawa kwa kipimo kwa sababu kitu ni haba. Uingereza ilianza mgao wa vyakula vya msingi Januari 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na nyama ikatoka kwenye mgao Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. "Dole out" ni kutoa kidogo kidogo, mara nyingi kukiwa na harufu ya ubahili au ya sadaka. "Mete out" ni cha adhabu na hukumu. Usikitumie kwa zawadi.

Kwenye hesabu, "divide 3 into 12" ni ngapi?

Ni 4, sawasawa na "divide 12 by 3". Lakini "divide 12 into 3" huwachanganya wanafunzi, kwa hiyo ongeza neno: "into 3 parts" au "into 3 groups".

"Allot" au "a lot"?

"Allot" ni kitenzi cha kugawia. "A lot" ni "nyingi", maneno mawili, na "alot" haipo. Wakati uliopita ni "allotted", t mbili.